Bei ya Kabuti la Keya

Mwezi mmoja uliopita tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja mzee, maili chache kutoka mji wa Tororo, ili tutoe rai juu ya jambo ambalo kwa juu juu halikuonekana kumhusu mwalimu wa Kiswahili. Nyuma ya mlango wa chumba chake, juu ya msumari, limetundikwa kabuti la marehemu baba yake. Mzee huyo alikuwa askari wa Keya, kama wazee walivyozoea kuliita lile jeshi la King's African Rifles, na alipigana katika nyanda za baridi za Uhabeshi hadi Gondar ilipoanguka mwezi wa Novemba mwaka 1941. Mama mwenyewe alizaliwa katika kambi ya Jinja, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kilichonyooka na kisicho na mapambo. Hiyo ndiyo sababu alituita sisi badala ya kumwita mwanasheria au kasisi.

Habari ilikuwa hii. Mgeni mmoja kutoka Ulaya, mkusanyaji wa mavazi ya kijeshi, alikuwa amesikia habari za kabuti lile kwa kinywa cha mmoja wa wajukuu. Akaja, akaligeuza ndani na nje, akauona mshale mdogo uliopigwa chapa kwenye bitana, ambao ndio alama ya mali ya serikali ya Uingereza, akataja bei. Bei hiyo ingelipa ada ya mjukuu shuleni kwa mwaka mzima. Wajukuu walitaka liuzwe siku ile ile. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akatuuliza mambo mawili: "Mwalimu, ni halali kuuza nguo ya marehemu? Na huyu mtu ananunua nini hasa? Maana bitana yote imeliwa na nondo."

Tuliomba tupewe siku tatu za kufikiri. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyafikiri, na tunayaandika hapa kwa kuwa tumeona yanawahusu walimu wenzetu kuliko tulivyodhani mwanzoni.

Kwanza tulilitazama jambo kama mfanyabiashara alitazamavyo. Kila jeshi hushona nguo nyingi kuliko miili ya kuzivaa. Hapana afisa wa ghala atakaye kulaumiwa kwamba askari wamekosa makoti wakati wa baridi. Basi huagiza kwa ziada, na ziada hiyo hukaa ghalani ikingoja vita ambavyo pengine havitakuja. Vita vinapokwisha, au mshono unapobadilishwa, serikali hujikuta na milima ya nguo zisizo na mwenyewe. Kuzihifadhi ni gharama, na kuzichoma ni hasara. Huuzwa kwa mnada au kwa uzito, kwa yeyote mwenye gari la kuzibebea.

Biashara hii si ya jana. Baada ya vita vya Marekani na Uhispania vya mwaka 1898, Francis Bannerman wa New York alinunua masalio ya vita hivyo, baruti na risasi zikiwamo, kwa wingi uliowatia hofu wakazi wa mji. Mwaka 1900 akanunua kisiwa kidogo katika mto Hudson, na huko akajenga ghala lenye umbo la ngome. Yasemekana alikuwa mcha Mungu, na kwamba alitumaini siku moja mali yake ingeitwa makumbusho ya sanaa zilizopotea, maana vita vingekuwa vimekoma duniani. Msomaji na aamue mwenyewe kama acheke au alie, akimfikiria mtu aliyetajirika kwa kuuza silaha huku akiomba zisihitajike tena.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa Ujerumani ya Mashariki. Mwezi wa Oktoba mwaka 1990 nchi hiyo ilipoungana na ya Magharibi, jeshi lake lilivunjwa, na sare zake za vistari vidogo vidogo, mfano wa manyunyu ya mvua, zikabaki bila taifa. Kwa miaka mingi zilipatikana katika masoko ya Ulaya kwa bei ya chini mno. Kanuni ya kwanza ya mchuuzi basi ni nyepesi: palipobwagwa mzigo, bei ni ndogo, mzigo unapovuka bahari, nauli hupanda juu ya mgongo wa nguo. Kisha huja forodha. Katika Rwanda, ambako mitumba huitwa caguwa (na mwalimu hana budi kutabasamu kuliona neno letu "chagua" limevaa tahajia ya jirani), ushuru wa nguo kuukuu ulipandishwa mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola ya Marekani hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani nayo ilijibu mwaka 2018 kwa kuziondolea nguo za Rwanda nafuu ya kuingia kwake bila ushuru. Jaketi zito la askari laweza kufika kilo mbili. Kwa hiyo majaketi mawili yaliyotoka katika robota moja, moja likaenda Kigali na jingine Kampala, hayawezi kuwa na bei moja, hata kama yalivaliwa na ndugu wawili.

Lakini maelezo haya ya ghala, meli na forodha yalitufikisha katikati ya safari tu, yakatuacha.

Tuchukue jaketi la jeshi la Rhodesia. Serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa wachache tarehe 11 Novemba mwaka 1965, ikapigana kwa miaka mingi na wananchi wa nchi ile, na ikatoweka; Zimbabwe ikazaliwa tarehe 18 Aprili mwaka 1980. Mabakabaka ya jeshi hilo yalikuwa kama mipigo ya brashi ya rangi ya kijani na hudhurungi juu ya mchanga. Nchi ilikuwa ndogo na imewekewa vikwazo, kwa hiyo nguo zake hazikuwa nyingi. Leo wako wakusanyaji katika Marekani na Uingereza wazitafutao kwa udi na uvumba, na wazilipiao fedha nyingi. Uchache ni sehemu ya sababu, hatukatai. Lakini katika Zimbabwe yenyewe, ambako nguo hizo zilivaliwa na ambako damu ilimwagika, sheria haimruhusu raia kuvaa mabakabaka ya kijeshi. Pale zilipotoka haziwezi kuuzwa hadharani hata kwa shilingi moja. Ni bidhaa gani hii, ambayo ni ghali kwa yule ambaye haikumgusa, na ni haramu kwa yule iliyemwumiza?

Wala si Zimbabwe peke yake. Barbados na Jamaica humkataza raia, hata mtalii, kuvaa mabakabaka. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Kwetu Uganda, mwezi wa Septemba mwaka 2019, bereti nyekundu, ambayo ilikuwa imekwisha kuwa alama ya wafuasi wa kundi moja la siasa, iliingizwa katika gazeti rasmi la serikali miongoni mwa mavazi ya jeshi. Siku moja katika soko la Owino mjini Kampala tulimwona mchuuzi akifungua robota la mitumba. Katikati ya sweta na suruali za watoto akakuta jaketi la mabakabaka, zima, zipu na vifungo vyote mahali pake. Lingekuwa Hamburg lingetundikwa mbele ya duka. Yeye alilikunja upesi, akalisukuma chini ya turubai, akatazama kushoto na kulia. Tukamwuliza bei yake. "Hilo halina bei, mwalimu," akasema. "Hilo lina kesi."

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jaketi lile halikujiuza wala halikujitembeza, lilijificha. Methali haikulifikiria.

Hapo tulimkumbuka tena mama wa Tororo, kwa kuwa alikuwa ametusimulia kisa kingine, kwa kupita tu, wakati akitumiminia chai. Miaka kadhaa iliyopita mwanawe alinunua Busia jaketi la namna ile ile, kwa ajili ya mvua. Mama alilitumbukiza chooni usiku huo huo. Hata hivyo kabuti la baba yake amelianika juani kila mwaka, na mifukoni mwake ametia majani ya mwarobaini. Zote mbili ni nguo za askari, na zote mbili zingemkinga mtu na baridi. Tulimwuliza tofauti yake ni nini. "La baba lilirudi na mtu," akasema. "Lile jingine lilikuja na watu." Hakuhitaji kueleza zaidi. Yeyote aliyekuwa katika nchi hii kati ya mwaka 1971 na mwaka 1986 anawajua watu hao, na anajua walikuja saa ngapi, na jinsi walivyogonga mlango.

Tukafikia rai hii: ukitoa gharama ya kitambaa, nauli na ushuru, kinachobaki katika bei ya nguo ya askari ni kipimo cha umbali uliopo baina ya mnunuzi na hofu. Aliye mbali husikia katika nguo ile hadithi tu, na hadithi hununuliwa. Aliye karibu husikia buti. Umbali huo waweza kuwa wa nchi, kama ule wa Zimbabwe na Chicago. Waweza pia kuwa wa miaka, na ndiyo maana mama yuleyule, chini ya paa lile lile, hulitunza la mwaka 1941 na kulitupa la jana.

Mwenzetu mmoja tuliyemsomea rai hii aliipinga, na upinzani wake si wa kupuuzwa. Alitukumbusha jaketi la M-65, lililoanza kutolewa kwa askari wa Marekani mwaka 1965 na kuvaliwa Vietnam. Wengi waliorudi kutoka huko waliendelea kuvaa sare zao barabarani wakiipinga vita ile ile, na mwezi wa Aprili mwaka 1971 walizitupa nishani zao kwenye ngazi za jengo la Bunge mjini Washington. Hao hawakuwa mbali na vita. Walikuwa wametoka ndani yake. Kwa nini hawakuyatupa majaketi chooni? Tulijibu kwamba wao hawakuyanunua. Mtu anayevaa nguo yake mwenyewe anatoa ushahidi, na ushahidi hauna bei. Vijana waliokuja baadaye wakayanunua dukani walinunua ushahidi wa watu wengine. Mwenzetu hakuridhika kabisa. Alisema kijana aliyenunua jaketi lile ili aandamane bega kwa bega na askari aliyejeruhiwa hakununua hadithi bali alichagua upande. Tunakubali. Kipimo chetu cha umbali kina kombo hapo, na hatukupata njia ya kukinyosha.

Jambo hili lilitugusa sisi walimu pale tulipojiuliza tunauza nini darasani.

Katika sehemu nyingi za Uganda Kiswahili kiliingia kikiwa kimevaa sare. Kilikuwa lugha ya amri katika Keya, kisha katika majeshi yaliyorithi kambi zake. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na hakuna tangazo lililokidhuru zaidi, kwa kuwa kinywa kilichotangaza kilijulikana. Kwenye vizuizi vya barabarani mwananchi aliamriwa kwa Kiswahili ashuke, alale chini, atoe alichonacho. Walimu wenzetu wafundishao kusini mwa nchi wanamjua yule mzazi ajaye shuleni kuuliza kwa upole kwa nini mwanawe anafundishwa lugha ya askari na majambazi. Mwaka 2005 Katiba ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mzazi yule hakushiriki katika vikao hivyo. Yeye ana masikio yake, na masikio hayafuti.

Jirani yetu wa Dar es Salaam hulipenda neno lile lile linalomshtua mzazi huyu, kwa kuwa kwake Kiswahili kilivaa kanzu na khanga, kikaimba taarabu, kikahutubia mikutano ya uhuru. Nguo ni moja, bei ni mbili. Na jambo likichanganyika zaidi, wale waliovuka mpaka mwaka 1979 wakamwondoa Amin nao walikuja wakisema Kiswahili.

Wengi wetu tumezoea kumjibu mzazi yule kwamba lugha haina kosa, kwamba lugha haikumwua mtu. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamfikii, nasi tumeanza kushuku kwamba kuna ukatili mdogo ndani yake. Mama alipotupa jaketi la mwanawe, je, ingefaa tumfuate tukimhubiria kwamba pamba haina dhambi? Anajua. Alichotupa hakikuwa pamba. Mwalimu atakaye Kiswahili kipendwe katika nchi hii na akubali kwanza kwamba alichokisikia mzazi alikisikia kweli, kisha alete maneno mengine yakae karibu na yale: ya pole, ya hodi na karibu, ya utani wa sokoni. Kabuti la mama lilipata heshima yake hivyo hivyo. Halikusafishwa kwa hoja. Lilifunika watoto waliolala, likaazimwa na jirani aliyekuwa na homa, likavaliwa na mlinzi wa mahindi usiku wa masika, hata harufu ya vita ikapungua. Hata neno lenyewe "kabuti" limesafiri mno, likiwa wa ukoo mmoja na capote ya Wareno na Wafaransa na kabbut ya Waarabu, na hapana anayeliuliza tena lilitoka mgongoni mwa nani.

Ilibaki kumfikiria mgeni. Tulikuwa tumemdhania mabaya tangu mwanzo, na haikuwa haki. Wako wakusanyaji ambao bila wao wajukuu wa askari wasingekuwa na hata kifungo cha kukumbukia. Huuliza nani alivaa, wapi, na kama alirudi. Wako pia watakao kuwa yule aliyevaa. Kijana aliyewaua watu tisa kanisani katika mji wa Charleston mwezi wa Juni mwaka 2015 alikuwa amejipiga picha akiwa na bendera ya Rhodesia na ile ya Afrika Kusini ya zamani zimeshonwa kwenye jaketi lake. Hakuwa amezaliwa Rhodesia ilipokufa. Umbali wake na hofu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba aliweza kuitamani. Wote wawili, mtafutaji wa kumbukumbu na mwabudu wa bunduki, waweza kulipa bei moja katika duka moja, na mwenye duka hana kipimo cha kuwatenganisha. Muuzaji mwenye moyo hana budi kuuliza, hata kama swali litampotezea mteja. Mgeni wa Tororo tulimwuliza. Akajibu kwamba babu yake mwenyewe alipigana Uhabeshi, upande wa Waitalia.

Siku ya tatu tulirudi. Tulimwambia mama kwamba kwa kadiri tuonavyo ni halali: kabuti ni lake, na marehemu alilileta nyumbani ili liwafae watoto wake, na ada ya shule ni kufaa pia. Tukamwambia kuwa mgeni ananunua kitambaa kidogo na habari nyingi. Alisikiliza, kisha akasema kwamba kama ni hivyo habari zenyewe ziende zikiwa kamili. Akatoa kipande cha kitambaa cheupe, akatutaka tuandike juu yake kwa wino usiofutika jina la baba yake, namba yake ya jeshi, na kwamba alikwenda Gondar akarudi. Kwa Kiswahili, alisema, kwa kuwa ndicho alichokuwa akiwaamrishia watoto wake wanawe mikono. Tukaandika.

Usiku ule tulilala vibaya. Tulikuwa tumejifunza katika siku zile tatu kwamba mkusanyaji hulipa zaidi kwa nguo yenye jina la aliyeivaa kuliko kwa nguo bubu. Mama alidhani anamtendea baba yake heshima. Kumbe sokoni alikuwa amempandishia mgeni mali, bure, kwa mkono wetu. Nasi tulikuwa tumenyamaza, kwa kuwa kuitaja fedha mbele ya heshima ile kulituonea haya. Asubuhi tulipanda baiskeli tukarudi kumwambia kabla mgeni hajafika.

Mama alicheka hata akashika ubavu. "Kumbe jina la baba nalo lina bei! Basi na aongeze."

Mgeni alipokuja tulimweleza. Alikaa kimya kidogo, akasema mama ana haki, akaongeza. Mama akakishona kile kitambaa ndani ya bitana kwa mkono wake, polepole, maana macho yake si mazuri tena, na hakumruhusu mjukuu yeyote amtungie uzi. Mgeni alitaka kujua maneno yale yasemaje. Tukamtafsiria, naye akayaandika katika daftari lake, na mara mbili akatuuliza namna ya kulitamka jina.